Samaki wangu wa njano amejeruhiwa na mwenzake tangini: nimtenge, nimtibu vipi, na nimrudishe lini?

Binti wa Njiro (Arusha) anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu nyote mnaofuga samaki wa mapambo. Naomba msaada wenu juu ya samaki mmoja ninayemthamini sana, ambaye ameumizwa vibaya na mwenzake katika tangi letu la nyumbani.

Tangi lina ujazo wa lita 200, na ndani yake kuna samaki wa Ziwa Nyasa wa jamii ile ya mawe ambayo wafugaji huiita mbuna. Aliyeumizwa ni jike wa njano, aina ya Labidochromis caeruleus. Aliyemuumiza ni dume wa Melanochromis auratus ambaye, tangu rangi yake ilipogeuka kuwa nyeusi, amejitwalia upande wote wenye mawe makubwa na humfukuza kila apitaye hapo. Mikimbizano midogo tuliizoea, lakini safari hii amemwandama huyu wa njano pasipo kumpa upenyo, hata nikamkuta amejibanza juu kabisa nyuma ya hita, kichwa kikielekea kwenye uso wa maji.

Pezi la mkia limechanika hadi karibu na shina lake. Ubavu wa kushoto umepoteza magamba, eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na nyama nyekundu inaonekana. Jicho la upande huohuo limefunikwa na utando kama ukungu. Anapumua kwa haraka na hali chakula. Sijaona kitu chochote chenye umbo la pamba juu ya kidonda.

Je, nimtibu humohumo tangini au nimtenge? Chumvi ninayoambiwa nitumie ni ipi na kwa kipimo gani? Jirani yangu anayefuga kuku amenipa unga wa dawa ya kuku ya oksitetrasaiklini na kunishauri niumimine majini. Je, ni salama? Baridi ya Julai hapa Arusha mnaijua, na umeme hukatika mara kwa mara, kwa hiyo naomba ushauri unaozingatia hali hizo pia.

Mfugaji Mkongwe (Moshi) anajibu:

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mkasa huo. Mtoe leo, usingoje kesho. Mbuna hutambua upesi mwenzao aliyedhoofika, na hata wale ambao hawakuhusika na ugomvi wataanza kudonoa kidonda kilicho wazi. Tangi ambalo limemjeruhi haliwezi kuwa mahali pa kumuuguzia.

Namna ya kumtoa ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani. Usimkimbize kwa wavu. Mwili wa samaki umefunikwa na ute, na ute huo ndio kinga yake ya kwanza dhidi ya bakteria na fangasi. Nyuzi za wavu huukwangua, na pezi lililochanika hunasa humo likazidi kuraruka. Zima taa, subiri atulie, kisha mzamishie jagi pana la plastiki taratibu na umwongoze kwa mkono wa pili aingie mwenyewe pamoja na maji yake.

Chombo cha kumuuguzia si lazima kiwe cha kioo. Beseni kubwa la plastiki au ndoo pana yenye ujazo wa lita 30 hadi 40 inatosha, ilimradi haikuwahi kuwekewa sabuni wala dawa. Kijaze maji kutoka kwenye tangi kubwa, kwa kuwa samaki aliyeumia hastahili kupambana pia na mabadiliko ya ghafla ya joto na kemia ya maji. Usiweke changarawe, kwa sababu utataka kuona kinyesi na mabaki ya chakula na kuyafyonza kila siku. Weka kipande cha bomba la plastiki la inchi 3 au 4 ili apate pa kujificha, funika pande tatu kwa khanga ili asione watu wakipita, na juu uweke mfuniko, kwani mbuna aliyetishika huruka nje.

Sasa chumvi. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, na kwa hiyo maji huingia mwilini mwake mchana na usiku kupitia matamvua, na figo hufanya kazi ya kuyatoa. Penye kidonda, ngozi iliyokuwa ikizuia maji hayo haipo tena, na figo huelemewa. Chumvi kidogo hupunguza tofauti hiyo na kumpa mwili nafasi ya kujiponya, na pia huwasumbua fangasi wa majini na vimelea kadhaa. Kwa samaki wako ningeanza na gramu 2 kwa kila lita, maana yake gramu 60 kwa lita 30, ambazo ni karibu vijiko 10 vya chai vilivyosawazishwa. Iyeyushe pembeni katika maji ya tangi, kisha uimimine kwa mafungu matatu ndani ya siku moja, kamwe usiimwage kavu juu ya samaki. Unapobadilisha maji, rudishia chumvi ya kiasi cha maji uliyotoa tu. Chumvi haipotei kwa mvuke, na wengi hukosea hapo, wakajikuta wameirundika.

Chumvi ya kawaida ya kupikia inafaa. Madini ya joto yaliyomo ni kidogo mno kumdhuru samaki. Jambo ninalolisisitiza kwa nguvu zote ni kwamba usichukue magadi. Sokoni Arusha na Moshi magadi huuzwa kando ya chumvi ya mawe, na asiyeyajua anaweza kuyachanganya; hayo ni chumvichumvi za sodiamu kaboneti na baikaboneti, na yatapandisha pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ghafla hadi kumuua samaki ambaye kidonda hakikuweza kumuua.

Mwalimu wa Kemia (Sakina, Arusha) anaongeza:

Dada yangu, ushauri wa mzee wetu ni mzuri, nami nakubaliana naye juu ya kutenga na juu ya chumvi. Hata hivyo nina hofu na jambo moja ambalo amelipita upesi, nalo ndilo linaloua samaki wengi waliotengwa: amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki mwenyewe.

Katika tangi kubwa wapo bakteria wanaoishi kwenye sifongo ya chujio na juu ya mawe, ambao hugeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti. Katika beseni jipya hawapo. Samaki mmoja wa sentimita 8 ndani ya lita 30 anaweza kujitengenezea sumu kwa muda mfupi, na mfugaji akadhani kidonda ndicho kinachomlemea.

Kwetu Arusha jambo hili ni kali zaidi, na sababu yake iko ardhini. Maji ya maeneo mengi hutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, nayo huwa na baikaboneti ya sodiamu kwa wingi pamoja na ile floridi iliyozoeleka kwenye meno ya wenyeji. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa pH ya juu si tatizo, kwa sababu ziwa lenyewe lina pH ya kati ya 7.7 na 8.6. Tatizo ni kwamba amonia huwa na sura mbili majini, na ile iliyo sumu huongezeka kadiri pH inavyopanda. Kwenye nyuzi joto 25 na pH 7, sehemu iliyo sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 5. Kwenye pH 8.5 ni karibu asilimia 15. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa mtu mwingine angekivumilia, wako atakilipia kwa matamvua yake. Wala usijaribu kuishusha pH kwa limau au siki, kwa kuwa baikaboneti itairudisha juu baada ya saa chache, na huko kupanda na kushuka ndiko kutakakomchosha zaidi.

Fanya hivi. Kata kipande cha sifongo iliyokomaa kutoka kwenye chujio la tangi kubwa, uifunge kwenye chujio dogo la pampu ya hewa, na usiisafishe kwa maji ya bomba. Badilisha robo hadi theluthi ya maji kila siku kwa maji yenye joto lilelile. Kama maji yako ya bomba yametiwa klorini, yaache kwenye ndoo iliyo wazi huku yakipigwa hewa kwa siku nzima, au tumia sodiamu thiosalfeti. Pima amonia kila asubuhi kabla ya kumlisha.

Kuhusu joto, wapo wanaoshauri nyuzi 30 wakiamini kwamba jeraha hupona haraka. Mimi nakataa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na Tanga au Dar es Salaam; ukiyapasha moto zaidi, yanabeba pungufu zaidi, na samaki wako tayari anapumua kwa shida. Shikilia nyuzi 25 au 26 bila kuyumba. Hita ya wati 50 inatosha kwa lita 30 ndani ya nyumba, na mchana chombo kisikae dirishani. Umeme ukikatika usiku, lifunge beseni kwa blanketi pembeni na uendeshe pampu ndogo ya betri. Usipokuwa nayo, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda ili yachanganyike na hewa.

Binti wa Njiro:

Ahsanteni sana, mzee wangu na mwalimu. Nimemtenga kama mlivyoelekeza, kwa jagi, naye amejificha ndani ya bomba. pH ni 8.2, na amonia haionekani kwenye kipimo tangu nilipoweka ile sifongo. Anapumua kwa utulivu zaidi.

Nina mambo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza, ukingo wa pezi la mkia, pale lilipochanika, sasa una mstari mwembamba unaoonekana mweupe. Je, ndiyo fangasi? La pili, bado hali, na nikimtazama kwa makini naona sehemu ya chini ya mdomo imevimba na taya linatikisika mara kwa mara kana kwamba anatafuna kitu. Sijui kama aliumizwa na taya pia. Unga wa dawa ya kuku bado ninao, sijautumia.

Daktari wa Mifugo (Usa River) anajibu:

Nianze na huo unga, na nakuomba usiutumie. Oksitetrasaiklini ikimiminwa majini hushikamana na kalsiamu na magnesiamu, na kiasi kinachofika ndani ya samaki huwa kidogo na kisichotabirika, hasa katika maji yenye pH kama yako. Itaweza pia kuwadhuru bakteria wa sifongo yako, na kufikia kesho yake utakuwa na amonia uliyofanikiwa kuizuia hadi leo. Isitoshe, unga wa kuku mara nyingi umechanganywa na vitamini na sukari zinazochafua maji. Kidonda safi kisicho na maambukizi hakihitaji antibiotiki, na kuitumia bila sababu ndiko kunakofanya dawa hizi zishindwe siku zinapohitajika kweli, kwa mnyama na kwa binadamu.

Kuhusu mstari mweupe, mwangalie kwa tochi ukiwa umemulika kutoka ubavuni. Pezi linaloota upya huanza kama ukingo mwembamba, laini, usio na rangi, unaopitisha mwanga, na unaofuata umbo la pezi. Hiyo ni dalili njema, na kwa mbuna mwenye lishe nzuri mkia unaweza kurudi ndani ya wiki chache iwapo shina lake halikuliwa. Fangasi wa majini wa jamii ya Saprolegnia huonekana tofauti: ni nyuzinyuzi kama pamba zinazopepea majini, nazo huota juu ya nyama iliyokufa. Akiwa na hizo, ongeza chumvi hadi gramu 3 kwa lita, au tumia methilini bluu, lakini ukitumia hiyo bluu, iondoe kwanza sifongo yako na uirudishe tangi kubwa, kwa sababu itawaua bakteria wake, kisha utegemee kubadilisha maji kwa wingi.

Ugonjwa ninaokutaka uuogope ni ule unaofanana na fangasi bila kuwa fangasi. Husababishwa na bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Huanza kwa doa la kijivu au jeupe lililobapa, mara nyingi mdomoni au mgongoni kwa umbo la tandiko, wakati mwingine likiwa na ukingo wa manjano au mwekundu, na huweza kuenea kwa saa chache badala ya siku. Joto la juu hulichochea, na hapo mwalimu ana haki kukataa nyuzi 30. Ukiona doa la namna hiyo, au michirizi myekundu kwenye mapezi, au tumbo kuvimba na magamba kusimama, usikae ukisubiri majibu ya hapa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari akupe antibiotiki iliyopimwa, ikiwezekana ndani ya chakula, maana huko ndiko inakofanya kazi vizuri.

Nitasema na jambo gumu, kwa kuwa mfugaji anapaswa kulijua mapema. Samaki akifikia hali ya kulala ubavu, asiweze kusimama majini na kidonda kikizidi kuoza licha ya matibabu, kumwacha ateseke si huruma. Mafuta ya karafuu, ambayo kwetu hayana shida kupatikana, yana yujenoli inayomlaza samaki. Mililita 0.4 kwa kila lita, zikiwa zimetikiswa kwanza katika chupa ya maji ya uvuguvugu hadi zigeuke kama maziwa, humlaza asiamke, naye aachwe humo angalau nusu saa baada ya matamvua kukoma. Wa kwako hayuko huko hata kidogo, kwa maelezo uliyotoa.

Taya sitalisemea. Mzee wa Moshi anawajua mbuna kuliko mimi.

Mfugaji Mkongwe (Moshi):

Binti yangu, hapo umetuletea habari ambayo kama ningeijua mwanzoni ningeiuliza kwanza. Jike wa mbuna hubeba mayai yake mdomoni. Kidevu kilichovimba, taya linalotikisika kama la mtafunaji, na kukataa chakula, vyote vitatu kwa pamoja, ndizo dalili za jike aliyebeba. Hutafuna hivyo ili kuyageuza mayai yapate hewa. Inawezekana kabisa kwamba ndiyo sababu hakuweza kumkwepa yule dume, kwa kuwa jike aliyebeba hajitetei kwa mdomo.

Kwa hiyo usimlazimishe kula na usimfungue mdomo. Atabeba kwa takriban wiki tatu, pengine zaidi kidogo, kisha atatoa vifaranga. Kwa jike mwenye afya muda huo hauna tatizo. Kwa aliyejeruhiwa ni mtihani, kwani anaponya kidonda bila chakula. Akianza kukonda mgongoni au akiyatema mayai mwenyewe, usisikitike, maana mwili wake umechagua, na hapo umlishe: chakula chenye spirulina (aina ya mwani), njegere iliyochemshwa na kumenywa, au jani la mchicha lililopitishwa kwenye maji ya moto, kidogo na mara mbili kwa siku. Nyama ya ng'ombe usimpe. Matumbo ya mbuna wengi yameumbwa kwa mwani wa kwenye mawe na hayastahimili mafuta yake.

Sasa tuje kwa dume, kwa sababu hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Unaweza kumponya jike huyu vizuri sana na kumrudisha kwenye mateso yaleyale. Melanochromis auratus ni miongoni mwa mbuna wakali kuliko wote, na jike wa aina yake ni wa njano mwenye mistari myeusi, kwa hiyo rangi ya njano humvuta. Samaki mpole wa njano katika lita 200 pamoja na dume huyo ataandamwa tena, haidhuru umemrudisha akiwa mzima kiasi gani. Kupanga mawe upya kunasaidia, kwa sababu mipaka yote hufutika na kila samaki huanza kutafuta makazi mapya. Kumrudisha jioni taa zikiwa zimezimwa kunasaidia pia. Na kuongeza majike ili uchokozi ugawanyike kunasaidia kwa madume wengi. Kwa huyu, maoni yangu ni kwamba aondoke. Mtafutie mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi aliyefuga mbuna wakali watupu.

Binti wa Njiro:

Nashukuru mno, wazee wangu. Kumbe amebeba! Ndugu yangu alipendekeza dume tumpeleke tu Mto Themi, au Ziwa Duluti kwa kuwa ni karibu na kwao Tengeru, na kwamba huko atapata nafasi. Nami nauliza kabla hatujafanya lolote. Halafu, jicho bado lina ukungu.

Mfugaji Mkongwe (Moshi):

Hapana, hapana. Samaki wa kigeni asiachiwe mtoni wala ziwani hata kama ni mmoja. Maji ya kaskazini hii yana samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Perege wa Ziwa Chala, Oreochromis hunteri, anaishi katika ziwa lile moja tu, hapa kwetu Rombo mpakani na Kenya, na yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Samaki mgeni huja na vimelea vyake na ubabe wake. Mwambie ndugu yako kwa upole kwamba mimi mwenyewe nitamchukua dume huyo kama hamtapata mtu Arusha. Mfungashe katika mfuko wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, ukiwa ndani ya boksi la thermokoli, na asilishwe siku inayotangulia safari. Kutoka Arusha hadi Moshi atafika salama.

Daktari wa Mifugo (Usa River):

Jicho moja lenye ukungu baada ya ugomvi kwa kawaida ni mkwaruzo wa juu ya mboni, na husafika lenyewe katika maji safi, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Usitie matone ya macho ya binadamu. Likianza kutokeza nje, mpige picha kutoka juu kila asubuhi ili ulinganishe. Na yakitokeza yote mawili, hilo si jeraha tena bali ni tatizo la ndani ya mwili, nawe umlete tumwone.